Urithi au fiksicha: maandalizi ya majaribio ya Python yakae wapi?

Anayepanga mfumo wa majaribio katika Python hukutana mapema na uamuzi mzito kuliko majina ya folda: maandalizi yanayotangulia kila jaribio yakae wapi? Moduli ya unittest, iliyoingia katika maktaba sanifu kwa toleo la 2.1 mwaka 2001 ikifuata mfano wa JUnit ya Java, huyaweka ndani ya klasi, katika setUp (inayoandaa kabla ya jaribio) na tearDown (inayosafisha baada yake), na klasi nyingine huweza kuyarithi. Pytest, zana ya majaribio inayosakinishwa kando, huyaweka katika fiksicha, yaani fanksheni ambazo jaribio huziomba kwa kuzitaja miongoni mwa vigezo vyake.

Njia ya klasi ina haki yake, kwa kuwa msomaji anajua pa kutazama na hakuna kifurushi cha kusakinisha. Tatizo huanza timu inapotunga klasi mama moja na kuirundikia kila kitu, kuanzia kufungua hifadhidata hadi kumwingiza mtumiaji, hata jaribio linalokagua hesabu ndogo ya kujumlisha likalazimika kusubiri hifadhidata lisiyoihitaji.

Fiksicha huondoa mzigo huo: jaribio hubeba kile tu lilichokiomba, na kwa neno yield, linalotenganisha cha kufanywa kabla ya jaribio na cha baada yake, maandalizi na usafishaji hukaa pamoja. Hata hivyo, fiksicha zilizo katika conftest.py, faili ambalo pytest hulisoma yenyewe, hupatikana bila kuagizwa kwa import, na fiksicha ya folda ya ndani yaweza kuchukua nafasi ya ile ya nje kwa kutumia jina lilelile, kwa hiyo anayesoma jaribio hulazimika kuitafuta asili yake. Hatari zaidi ni upeo wa session, ambapo fiksicha huundwa mara moja tu kwa uendeshaji mzima wa majaribio. Kitu kimoja kikitumiwa na majaribio yote, jaribio moja hukibadilisha na jingine huanguka, tena pengine kwa mpangilio fulani tu. Na majaribio yakiendeshwa sambamba kwa programu-jalizi ya pytest-xdist, kila mchakato huunda nakala yake.

Mimi nachagua fiksicha, kwa masharti: upeo ubaki wa function, yaani fiksicha iundwe upya kwa kila jaribio, mpaka vipimo vithibitishe ucheleweshaji, conftest.py ikae karibu na majaribio yanayoitumia, na autouse, inayoendesha fiksicha hata bila kuombwa, iwe nadra sana.

Mradi wenye maelfu ya majaribio ya unittest hauna sababu ya kuyaandika upya kwa pupa, maana pytest huyaendesha yalivyo. Ila mbinu za TestCase, klasi ya msingi ya unittest, hazipokei fiksicha kama vigezo, hivyo ni busara kuhamisha faili moja moja, kila inapoguswa kwa kazi nyingine.