Msiba Usio na Mkeka

Mwongozaji Kira Muratova alitoa filamu yake Astenicheskiy Sindrom, yaani ugonjwa wa kuishiwa nguvu, mwaka 1989, Muungano wa Kisovieti ukiwa unaelekea kusambaratika. Wakubwa wa kwao walichukizwa na matusi yaliyomo. Kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1990 ikapewa tuzo ya Dubu wa Fedha. Inapita saa mbili na nusu, nayo haimbembelezi mtazamaji. Sehemu ya kwanza haina rangi: Natasha, daktari, anamzika mumewe, kisha anawavamia watu asiowajua. Baadaye rangi zinaingia na tunamkuta Nikolai, mwalimu anayesinzia popote, hata kwenye treni ya chini ya ardhi.

Natasha simlaumu. Ameachwa na uchungu wake mpaka umemgeuka. Kwetu Malindi mfiwa haachwi hivyo: mkeka hutandikwa, mchele na sukari huletwa, hitima husomwa, na mjane akikaa eda miezi minne na siku kumi, wanawake wenzake huingia na kutoka.

Nikolai ndiye anayenikosesha raha, maana tunaye. Juzi kule Shela kijana alikuwa ameinama katikati ya kichochoro, unga umemshika, magoti yamekunjika nusu na wala haanguki, sigara ikimuunguza vidole. Bodaboda akampigia honi weee, akashuka, akamzaba kofi. Waliokuwa barazani wakacheka. Mmoja akatoa simu kurekodi. Sigara ikaendelea kuwaka vidoleni.

Hapo ndipo ninapoamini Muratova aliona sawasawa. Ukali na kutojali havigombani. Hukaa baraza moja, na anayecheka leo ndiye atakayepiga kesho. Jamii huoza hivyo, huku kila mtu akiendelea na shughuli zake.

Na mama wa teja je? Ana msiba mzito, ila mwanawe yu hai, basi hatandikiwi mkeka. Akipita, minong'ono. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha teja unga, tangu 2015. Dawa hunywewa palepale mbele ya mhudumu, kila siku, iwe Idi, iwe mvua. Mama mmoja ninayemjua humsindikiza mwanawe kila asubuhi, mahamri yake yakikosa wateja wa chai. Mumewe alipofariki, majirani walijaa mpaka uani. Kwa safari hii ya kliniki hajapata hata mmoja wa kumpokea zamu.