Rwanda: shaba moja na wachezaji 12

Hadi Michezo ya Paris 2024, Rwanda ilikuwa na medali moja tu ya Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu: shaba ya Jean de Dieu Nkundabera, mita 800, Athens 2004. Wanaotaka nchi ndogo iwekeze kwa wakimbiaji badala ya voliboli ya kukaa, inayochezwa na watu wenye ulemavu wakiwa wameketi sakafuni, huishika shaba hiyo kama ushahidi, na hoja wanayo. Mkimbiaji husafiri na kocha wake tu. Voliboli ya kukaa inataka wachezaji 12, na tiketi ya Afrika ya kwenda Paralimpiki hupatikana kwa kushinda timu chache mno.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaanzia uwanja wa ndege. Mimi naanzia sakafuni. Mchezo huu hauhitaji kiti cha magurudumu cha bei ghali. Unahitaji mpira, sakafu na wavu wa sentimita 105 kwa wanawake, 115 kwa wanaume. Mwenye mguu wa bandia anauvua, anauweka pembeni, anasogea kwa mikono. Katika nchi ambako vita, mabomu ya ardhini na mauaji ya kimbari ya 1994 viliwaacha wengi bila viungo, ni mchezo gani mwingine ungewafikia kwa gharama hiyo? Dominique Bizimana na Jean Rukondo walipigana katika majeshi hasimu, kila mmoja akapoteza mguu. Baadaye walikaa upande mmoja wa wavu, na mwaka 2012 timu ya wanaume ya Rwanda ilicheza London.

Wanawake walifuata Rio 2016, timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kusini mwa Sahara katika mchezo huu. Walifungwa mechi zote, wakawa wa nane kati ya timu nane. Nafasi hiyo ya nane ndiyo inayonirudisha kwenye mjadala kila mara, kwa sababu kwa hesabu za medali hapo ndipo fedha zingekatwa. Lakini timu iliendelea. Mwaka 2021, Tokyo, waliwafunga wenyeji Japani wakashika nafasi ya saba. Hatua moja, miaka mitano. Jedwali la medali halina safu ya kuandika ushindi kama huo.

Hoja kwamba Afrika ina timu chache za kushinda bado ina uzito, lakini haiwezi kutatuliwa Kigali peke yake. Inahitaji wavu ufungwe chini Bujumbura, Kampala na Mwanza.