Kiara, Kovu na Deni la Wazazi

Karibu na mwisho wa The Lion King II: Simba's Pride kuna dakika chache ambazo kwangu mimi ndizo filamu yenyewe. Kiara, binti wa Simba, mfalme wa wanyama, na Nala, ametoroka kumfuata Kovu, kijana ambaye Simba amemfukuza mbele ya wanyama wote. Wamekutana, wako peke yao, wanainama juu ya maji, na humo majini unaonekana uso mmoja: nusu wa Kiara, nusu wa Kovu. Kovu anataka waondoke, waende mbali wakaanzishe kundi lao. Kiara anakataa. Lazima warudi, anasema, kwa sababu wakikimbia, makundi yao mawili, la Simba na lile la waliofukuzwa ambako Kovu alizaliwa, yatatengana milele.

Mwendelezo huu wa filamu ya katuni ya mwaka 1994 ulitolewa na Disney mwaka 1998, na ulikwenda moja kwa moja kwenye video. Walioutazama utotoni wanaukumbuka kama kisa cha wapenzi wawili waliozaliwa pande zenye uhasama, kwa mfano wa Romeo na Juliet wa Shakespeare. Ni kweli, ila wale wa Shakespeare wanaishia kaburini, na Kiara anarudi nyumbani. Ubishi wangu na watu unaanzia hapo. Je, amerudi kwa hiari yake, au amerudi kwa kuwa tangu utoto ameambiwa hana njia nyingine?

Wanaosema hana njia nyingine wana hoja nzito. Kiara angali mdogo anamuuliza baba yake itakuwaje kama hataki kuwa malkia. Simba anamjibu kwamba hiyo ni sawa na kusema hataki kuwa simba. Jibu hilo halimpi nafasi ya kuchagua, na mtoto amebaki na swali lake. Akishakua, siku ya windo lake la kwanza, baba anamwahidi kumwacha awinde peke yake, halafu kwa siri anawatuma rafiki zake, Timon na Pumbaa, wamfuate. Kila mara Simba anaita hayo mapenzi, na kila mara anayebanwa ni binti.

Hata hivyo, wanaomlaumu Simba husahau kwamba hofu yake ilikuwa na msingi. Huyu ni mwana aliyempoteza baba kwa hila za ndugu wa damu, ami yake Scar. Na Kovu kweli alitumwa kumuua Simba. Moto uliomzingira Kiara mawindoni uliwashwa na Nuka na Vitani, nduguze Kovu, ili yeye atokee kama mwokozi na kupata nafasi karibu na mfalme. Siku ile baba aliposita kumwamini, hakukosea. Alikosea baadaye, pale hofu ya haki ilipogeuka kuwa sheria kwamba mtoto wa adui ni adui hata akibadilika. Kovu anakuja kwenye mwamba wa kifalme akiwa na jeraha bichi usoni, amekwisha kumkana mama yake, anaomba asikilizwe. Simba anachokiona ni Scar tu.

Kwa maoni yangu, mzigo wa Kovu ni mzito kuliko wa Kiara, na nasikitika filamu haikukaa naye zaidi. Scar hakuwa baba yake, bali alimteua kuwa mrithi, na Zira, mama yake Kovu na kiongozi wa waliofukuzwa, akamlea kwa kazi moja ya kulipiza kisasi cha Scar. Kila anachompa mwanawe kinakuja kama deni. Ukitaka kuona deni hilo linavyoua, mtazame Nuka, kaka mkubwa aliyepitwa. Zira na kundi lake wanapomvamia Simba, Nuka anapanda magogo kumfuata mfalme kwa sababu anataka mama amwone, magogo yanamporomokea, na anakata roho akisema angalau sasa mama amemwangalia. Zira analia, kisha anageuka na kumkwaruza Kovu usoni. Ndipo anapopata alama ile ile ya Scar.

Sisi wa Kiswahili tunasikia katika majina haya kitu ambacho wengine hupewa kwa maelezo. Nuka na Vitani hawahitaji kamusi. Kovu ni alama inayobaki kidonda kikishapona, na kijana huyu ameitwa hivyo kabla hajajeruhiwa, kwa kidonda cha mtu mwingine. Kuzira ni kususa kwa chuki, kama mtu anavyozira chakula huku ana njaa. Wimbo wa Rafiki, nyani mzee mwenye hekima, unaowapeleka wapenzi hawa mahali paitwapo Upendi unanikwaza, kwa maana neno letu ni upendo, lakini majina yamechaguliwa vyema.

Kwangu mimi, Kiara amerudi kwa hiari. Harudi na wajibu ule ule aliopewa. Baba alimfundisha kwamba wao ni kitu kimoja, akimaanisha ukoo wake na wafalme waliotangulia. Katikati ya vita, mvua ikinyesha, binti anasimama kati ya makundi mawili na kumrudishia baba neno lake mwenyewe, safari hii likiwajumuisha waliofukuzwa: hawa ni sisi, unaona tofauti gani? Mtu aliyetii tu asingeuliza hivyo. Upande wa pili anayevuka kwanza ni Vitani. Zira anamtishia mwanawe huyo kifo kwa kukataa kupigana, na tishio hilo ndilo linalowafanya simba jike waliobaki wamwache peke yake.

Nakubaliana na wakosoaji kwa jambo moja. Kifo cha Zira kinawapa watunzi njia rahisi. Amani ya kuishi na mtu kama yeye, asubuhi baada ya asubuhi, ingekuwa mtihani mkubwa zaidi kwa Simba na kwa Kiara, na filamu haikuwapa mtihani huo. Ila inatuonyesha Kiara akiutafuta. Zira amemrukia Simba, Kiara amemkinga baba, yeye na Zira wameporomoka kwenye genge, na mto unanguruma chini. Kiara amepata pa kushika. Hakuna aliyemtuma, si baba yake wala Kovu, lakini anamnyooshea mkono mwanamke aliyetaka kuimaliza nyumba yao, anamwambia aushike. Zira anauzira, anateleza.