Banda la mawe kwenye njia ya mlimani China: likarabatiwe au liachwe?

Kabla ya barabara za magari, msafiri wa kusini mwa China alivuka milima kwa ngazi za mawe, mzigo ukining'inia kwenye mti wa begani. Penye mpando mkali, au njia inapofika juu kabisa, alikuta banda: nguzo za mawe, paa, mabenchi ya mawe, na pande zilizo wazi ili upepo upite. Wachina huliita ting. Mengi yalijengwa kwa michango ya wanavijiji, wafanyabiashara na watawa, na majina ya waliochanga yakachongwa kwenye bamba la jiwe. Huko Huizhou, kusini mwa mkoa wa Anhui, wapo waliotenga hata mashamba ili mapato yake yagharimie chai ya bure kwa wapita njia, jambo ambalo Mwislamu wa pwani yetu angelitambua mara moja kuwa ni wakfu.

Wachukuzi wale hawapo tena. Mzigo umepanda lori, abiria kapanda treni, na mabanda mengi yamebaki na mizizi ikipenya kwenye viungo vya mawe. Yafanyiwe nini?

Wanaotaka yaachwe wana hoja nzito. Benchi lililolika kwa kukaliwa na vizazi ni ushahidi, na fundi akilichonga upya ushahidi umekwenda. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Sheria ya China ya kulinda malikale, iliyotungwa 1982, inataka hali ya asili isibadilishwe. Na marekebisho ya 2002 yakaongeza kwamba jengo la kale lililoangamia kabisa lisijengwe upya palepale, ila kwa kibali maalumu. Hofu hii ina msingi. Saruji, kwa mfano, ni ngumu kuliko chokaa ya zamani na huzuia unyevu usitoke. Jengo likicheza kidogo, hupasuka jiwe lenyewe badala ya kiungo. Banda lililovumilia mvua za karne mbili linaweza kuharibiwa na mfuko mmoja wa saruji uliotolewa kwa nia njema kabisa.

Hata hivyo, kuliacha banda nako ni uamuzi wenye gharama. Sensa ya malikale zisizohamishika iliyofanyika China kati ya 2007 na 2011 iliorodhesha zaidi ya 766,000, na ikabaini kuwa takriban 44,000 zilizokuwa zimeandikwa awali zimekwisha kutoweka. Njia za milimani zina adui wa ziada: pasipo mpita njia, hakuna jicho la kuona kigae kilichoteleza.

Tena historia ya mabanda yenyewe haiwaungi mkono wanaotaka yasiguswe. Chukua Zuiweng, kwenye mlima Langya karibu na Chuzhou. Lilijengwa karne ya 11 na mtawa Zhixian, na likapata umaarufu kwa maandishi ya mtawala wa eneo hilo, Ouyang Xiu. Linalotembelewa leo ni la 1881, maana la awali halikunusurika na vita. Aiwan, kwenye mlima Yuelu mjini Changsha, lilijengwa 1792 na Luo Dian, mkuu wa chuo cha Yuelu. Likatengenezwa tena na tena, na kibao chake cha sasa kina mwandiko wa Mao Zedong wa 1952. Nani atathubutu kusema haya si mabanda ya kweli? Tamko la Nara la 1994, la wataalamu wa kimataifa wa urithi, lilikubali jambo hili hasa: uhalisi wa kitu hupimwa ndani ya utamaduni wake, na katika utamaduni huu kutengeneza banda la wapita njia kulihesabiwa thawabu sawa na kulijenga.

Ila mifano hiyo miwili isitupeleke mbali. Zuiweng na Aiwan yana maandishi, washairi na wafadhili. Banda la kijijini halina picha wala mchoro. Paa likianguka, anayelijenga upya anabuni. Ndiyo maana naona mstari upitie hapa: lililosimama litengenezwe, tena mapema, kwa chokaa na mawe yake yenyewe, mizizi ing'olewe, kigae kirudishwe. Lililoanguka lote liachwe, ila bamba la majina liinuliwe lisifukiwe na udongo.

Na njia ifunguliwe pamoja na banda. Njia ya kale ya Huihang, inayounganisha Jixi ya Anhui na Lin'an ya Zhejiang, sasa inatembewa na wapenda milima, na mabanda yake yanakaliwa tena na watu waliochoka kweli. Nalipenda suluhisho hili kuliko uzio, kwa sababu linalirudishia banda kazi yake. Watakaochangia matengenezo nao waandikwe, lakini kwenye bamba lao, lenye mwaka wao, pembeni ya lile la zamani.