Meza Yenye Mapigo 78 kwa Dakika

Wiki iliyopita, katika maonyesho ya sayansi ya shule moja hapa Lamu, nilioneshwa kifaa cha kupima mapigo ya moyo ambacho wanafunzi walikuwa wamekiunda kwa Arduino (kibao chenye kompyuta ndogo inayopangiwa programu), kihisi cha kidole na kioo kidogo cha tarakimu. Kilisoma 78. Mgeni wa heshima akapiga makofi, nasi tukamfuata. Baadaye kijana akakilaza kihisi mezani ili apange nyaya zake, na kifaa, bila haya yoyote, kikaendelea kusoma 78. Hakuna aliyeshtuka. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo hata kahawa chungu haikuituliza.

Watoto siwalaumu, walichomeka walichoambiwa wachomeke. Ninachokilaumu ni ufundishaji wa kupakua programu ya mtu mwingine, kuunga nyaya tatu na kusoma namba. Kihisi kile hakiujui moyo. Humulika ngozi kwa mwanga wa kijani, ambao damu huunyonya sana, kisha hupima mwanga unaorudi. Damu inapojaa kidoleni, mwanga huo hupungua. Arduino Uno hugeuza volti za kihisi kuwa namba kati ya 0 na 1023, basi. Mengine yote, kwamba hapa pana pigo, kwamba hadi pigo la pili zimepita milisekunde 800, kwamba milisekunde 60,000 za dakika ukizigawanya kwa 800 unapata 75, ni uamuzi wa programu, na programu iliyoamriwa itafute vilele itavipata hata katika mtikisiko wa meza, au itashikilia namba ya mwisho kama mdaiwa anayerudia ahadi ileile.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mwanafunzi asiandike namba yoyote kwenye kioo kabla hajalichora wimbi lenyewe, yaani mstari wa namba za kihisi zinavyopanda na kushuka, kwenye kompyuta na kulizoea. Aone jinsi linavyolala akibonyeza kidole mno, kwa kuwa damu imefukuzwa, na jinsi linavyoyumba akikilegeza. Aketi barazani adhuhuri aone jua linavyolivuruga. Mimi ilinibidi nifunike kidole kwa pindo la kikoi.

Aliyenifunza haya ni shangazi yangu. Kifaa changu cha kwanza kilimsomea 136 naye ameketi dakani, ametulia, anasuka ukili. "Mwanangu," akaniuliza, "moyo wangu una haraka ya kwenda wapi?" Nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo 17 kwa sekunde 15, yaani 68 kwa dakika. Nilipolichora wimbi lake nikaona kila pigo lina nundu mbili, kubwa na ndogo inayoifuata, na programu yangu ilikuwa ikizihesabu zote mbili. Nikaiamuru, ikishaona pigo, ifumbe macho kwa milisekunde 450. Hilo lilimfaa shangazi, lakini lingemdhulumu mchukuzi aliyetoka gatini mbio na gunia begani, kwa kuwa kifaa hakingeweza kuvuka 133. Kila tiba ya namna hii ina gharama yake, na asiyeliona wimbi hajui hata kwamba amelipa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kifaa cha dukani ni sahihi kuliko changu na kwamba mgonjwa asitibiwe kwa kazi ya mikono yangu. Nakubali pia kwamba vijana wale walilehemu vizuri kuliko mimi. Na kwa wale wanaotaka kuruka hadi kubandika elektrodi kifuani ili wapime umeme wa moyo, watumie betri, wasiunge chochote kwenye umeme wa nyumba.

Changu sasa, ukiondoa kidole, huonyesha vistari vitatu na kunyamaza. Vijana nimewaalika barazani kwangu Ijumaa baada ya alasiri, waje na kihisi chao, na ile meza pia waibebe. Ikiwa kweli ina moyo, tutaliona wimbi lake.