Mchuzi Uliochemka Bila Moto

Mashine yangu ya kufungashia vyakula ni ya mtumba, ile ya sanduku. Unalaza mfuko ndani, unashusha kifuniko, pampu inanyonya hewa yote ya humo, halafu waya wa moto unaziba mdomo wa mfuko. Ina nafasi ya programu kumi, na kila moja unaipangia mwenyewe: hewa itoke asilimia ngapi, waya uchome sekunde ngapi.

Jumapili nzima nilikaa nayo. Samaki, 99. Maandazi, 50, yasije yakabonyea. Mchuzi, 75. Nikachukua plasta nyeupe, nikaandika majina kwa kalamu ya rangi, nikabandika kila jina pembeni ya namba yake. Ilipendeza, nikaipiga na picha.

Jambo moja tu lilinipita. Ili mpango uingie, kitufe cha kuhifadhi unakishikilia mpaka mashine ilie. Mimi nilikuwa nakidonoa tu kama kengele ya mlangoni. Basi nikawa na programu kumi zenye majina kumi, na zote tumboni ni 99.

Jumatatu nikaanza na maandazi. Yakavimba humo ndani kama ngumi za bondia, nikafurahi. Hewa iliporudi, pwaa! Nikatoa chapati sita. Nikamgombeza kijana wangu kwamba kabonyeza namba ya samaki. Maskini, kijana mwenyewe alikuwa bado hajafika kazini.

Shangazi alikuwa anarudi Tanga siku hiyo, na nilimpikia mchuzi wa samaki wa nazi wa kubeba. Mchuzi hufungashwa ukishapoa kwenye friji. Huu ulikuwa bado wa moto kiasi, lakini basi halimsubiri mtu. Nikaulaza, nikabonyeza "Mchuzi", nikajisogeza kando ili Shangazi aone teknolojia.

Ulianza na vipovu vidogo pembeni. Kisha ukachemka kwelikweli, ukatoka mfukoni, ukapanda kwenye kifuniko, tukawa tunautazama kama samaki wa kwenye tangi.

"Weee mwanangu," Shangazi akasema, karudi nyuma hatua mbili, "moto umeuwasha wapi?"

"Hakuna moto, Shangazi. Ni hewa. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 kwa sababu hewa inayakandamiza. Ukiiondoa, hata maji ya mtungi yanachemka."

"Audhubillahi."

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Hewa ikaingia kwa mluzi, povu likanywea kufumba na kufumbua. Mfukoni mlibaki kipande cha changu na aibu. Nazi ilikuwa imejipaka kila kona, hadi kwenye tundu la pampu.

Fundi alipofungua pampu, oili ilitoka nyeupe, imechanganyika na maji. Shangazi akachungulia, akauliza kama hiyo chai inauzwa. Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka, lakini bei hakupunguza.

Mchuzi uliobaki sufuriani Shangazi aliumimina mwenyewe kwenye kopo la siagi, akashindilia kifuniko kwa kiganja, akalifunga kwa mifuko miwili ya nailoni na fundo moja la kizamani. Jioni akapiga simu.

"Nimefika salama."

"Na mchuzi, Shangazi?"

"Hata tone. Hiyo mashine yako uliinunua shilingi ngapi vile?"