Diski kwenye Beetle ya Malindi: nani anazihitaji kweli?

Malindi bado zipo Beetle, Mini na Fiat ndogo zinazotembea, na wenye nazo wakikutana mazungumzo hayakawii kufika kwenye breki. Kuna wanaosema gari la miaka ya 1960 si la kuachiwa dramu, zile breki za kopo linalobanwa kwa ndani, katikati ya bodaboda na tuktuk zinazokatiza bila taarifa. Litiwe diski, ile sahani ya chuma inayobanwa pande mbili, basi. Wengine huwajibu kwamba Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1962 ikiwa na dramu magurudumu yote manne, sasa hii njia ya Mombasa ina nini cha kuishinda? Kila upande una hoja yake. Ila wote, kwa maoni yangu, huliruka jambo moja ambalo laweza kumuua mtu kabla dramu haijapata nafasi.

Sifa kubwa ya diski ni kuhimili joto. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, breki hubeba nishati mara nne ya ile ya kilomita 50. Ndani ya dramu joto hilo halina pa kutokea kwa haraka: chuma hupanuka, hujitenga na shuu, vile vipande vinavyoibana kwa ndani, na pedali huanza kuzama kila ukikanyaga. Diski iko wazi kwenye upepo, na ikipanuka huzidi kuzisogelea pedi zinazoibana. Tena haisumbuliwi sana na maji. Masika yakipiga, ukivuka dimbwi refu na dramu zako, gurudumu moja hushika na jingine huteleza, na gari linakuvuta upande usioutaka. Wenye hoja hii wana shahidi mzuri pia: kiwanda cha Volkswagen chenyewe kiliitia Beetle 1500 diski za mbele mwaka 1966, na Mini Cooper ilikuwa nazo tangu 1961.

Sasa itazame Malindi. Mji ni tambarare. Kutoka sokoni hadi Casuarina hakuna mteremko wa kuchemsha dramu. Ukitaka kuziona zikichemka, teremka nazo kutoka Wundanyi ukiwa na abiria wanne. Na kuna jambo ambalo wauzaji wa seti za diski hawalitaji: kinacholisimamisha gari mwisho wa yote ni tairi. Ikiwa dramu zako, zikiwa nzima, zinaweza kuyafunga magurudumu kwenye lami kavu, diski hazitakufupishia sana kule kusimama kwa ghafla mara moja. Faida yake huonekana ukikanyaga mara ya tano na ya sita mfululizo.

Na dramu nyingi zinazolaumiwa hazijawahi kupewa haki yake. Shuu za Beetle hurekebishwa kwa mkono, kwa bisibisi, na fundi asipofanya hivyo mara kwa mara pedali hushuka tu. Ongeza wili silinda (ile inayosukuma shuu) inayovuja, mpira wa breki, yaani mrija wa mafuta, uliovimba kwa ndani, na mafuta ya breki yasiyobadilishwa miaka mingi ilhali yanafyonza unyevu wa hewa, na unyevu wa pwani si haba. Ukiyatengeneza hayo, malalamiko mengi huisha. (Shuu za zamani huenda zina asbesto. Fundi asiipulize ile vumbi kwa kompresa. Aifute kwa kitambaa kibichi.)

Chumvi nayo haina upendeleo. Gari linalolala karibu na bahari huamka diski zikiwa na kutu nyembamba, ambayo huondoka ukikanyaga mara chache. Pini za kalipa, kile kishikio cha pedi, ndizo za kuogopa: zikikwama, pedi hubana muda wote, zikaliwa upande mmoja na rimu ikawa moto.

Dramu pia ina msaada ambao watu hawauoni. Gurudumu linapozunguka huivuta shuu ya mbele izidi kubana, kama kabari inayojisukuma yenyewe. Diski haina hilo, kwa hiyo inataka nguvu zaidi kutoka mguuni. Ndiyo maana kuna anayelipia diski kisha akashangaa pedali imekuwa ngumu kuliko mwanzo. Masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, lazima ilingane na kalipa, na ile vali ndogo inayobakiza shinikizo kwa ajili ya dramu iondolewe kwenye njia ya diski, la sivyo pedi hazitaachia. Rimu nazo zipimwe: kalipa inaweza kugusa, au gurudumu likatoka nje kidogo na kusugua bodi. Kwenye Mini yenye rimu za inchi 10 nafasi ni finyu mno; Mini za kawaida hazikupewa diski mpaka 1984, zilipohamia inchi 12.

Jambo linalorukwa ni hili. Magari mengi ya umri huo yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, breki za magurudumu yote manne zimekwenda, uwe na dramu au diski. Masta silinda ya vyumba viwili hukuachia angalau magurudumu mawili. Haina mng'aro wa kuonyesha marafiki, lakini mwenye bajeti ya kitu kimoja ningemwambia aanze nayo, pamoja na mipira mipya.

Baada ya hapo, gari la mizunguko ya mjini na Mambrui Jumapili lisiguswe zaidi. Anayeshuka Mombasa kila wiki, zaidi ya kilomita 100 nyuma ya matatu zenye haraka, huyo diski za mbele zinamfaa. Za mbele tu: uzito huhamia mbele gari likisimama, na dramu za nyuma humwachia handbreki iliyo rahisi. Nyuma ikitangulia kufunga, gari huzunguka, kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwenye barabara tupu, kwa mwendo mdogo.

Anunue seti ambayo pedi zake hupatikana Mombasa. Baadhi ya seti za Beetle hutumia kalipa za Golf, na hizo ni afadhali kuliko kusubiri pedi kutoka Ulaya gari likiwa juu ya matofali. Aijulishe kampuni ya bima mabadiliko hayo kwa maandishi. Dramu za zamani azipake grisi na kuziweka, maana mnunuzi wa kesho anaweza kuzidai.